Hafu-shafti ya Gari la Mbaga

Basi la alfajiri kutoka Korogwe lilipoiacha Makanya, vioo vyake vilikuwa vimefunikwa na vumbi jeupe la jasi. Milima, ambayo tangu Mombo ilikuwa upande wa kulia, ilisogea karibu na barabara ikabaki hapo, mikavu chini na ya kijani juu, na mgeni aliyekaa nyuma ya dereva aliitazama akijaribu kuona njia ya kuipanda. Hakuiona. Maelekezo aliyopewa yalikuwa mafupi: ukishuka Same usiulize stendi ya magari ya Mbaga, haipo, uliza duka la Mama Agape. Aliuliza. Watu watatu, mmoja baada ya mwingine, walimwelekeza kwa kidevu bila kusimama.

Duka liko nyuma ya stendi, kati ya mashine ya kusaga na banda la mtu anayechaji betri. Halina ubao wa jina. Lina mlango wa Land Rover ulioegeshwa ukutani, rangi yake ya kijani imepauka, na mbele ya mlango huo kiti kirefu kilichong'olewa kwenye gari hilohilo. Kiti ndicho kituo. Asubuhi ile abiria wawili walikuwa wamekwisha kukaa, mama mwenye ndoo ya mafuta ya kula na mzee mwenye bati kumi zilizofungwa kamba. Mgeni akaketi kwenye nafasi iliyobaki, akapakata mkoba wake.

Eliakunda alikuwa amemwona tangu anavuka barabara. Ana miaka sitini na mitatu, na watu humwita Mama Agape kwa jina la bintiye wa kwanza, ambaye anafanya kazi Dodoma na huja Krismasi. Mtu anayekwenda mlimani kwa mara ya kwanza yeye humtambua kwa jinsi anavyotazama juu.

"Karibu. Mbaga?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Gari la Melkizedeki linashuka na tangawizi. Saa sita liko hapa, likishusha linapanda. Kaa hapohapo hutaachwa."

"Bodaboda hazipandi?"

"Zinapanda. Ila ukishuka kwenye pikipiki huko juu, hutatamani kukaa tena wiki nzima."

Mama wa ndoo alicheka kwa niaba ya wote waliowahi kujaribu.

Eliakunda anauza vipuri vya magari ambayo hayatengenezwi tena. Ana vichache vya Bedford na sanduku moja la Peugeot 404 ambalo hakuna aliyeliulizia kwa miaka tisa. Vingine vyote ni vya Land Rover ndefu za zamani, zile zinazoitwa mia na tisa. Kulikuwa na wakati zilikuwa zaidi ya thelathini kwenye milima ya Upare wa kusini. Zimebaki saba. Duka lilifunguliwa na mumewe, Sadock, fundi, ambaye sasa ni marehemu. Sadock aliuza kwa jina. Mtu alitaja aina ya gari na kitu anachotaka, akapewa, na nusu ya vitu vilirudi, kwa sababu magari ya mlimani hayakubaki kama yalivyotoka kiwandani. Injini ya hili ilitoka kwenye gari lililoanguka Gonja, gia boksi ya lile ilitoka misheni, na jina lililo kwenye boneti halisemi lolote kuhusu kilicho chini yake.

Eliakunda alipobaki peke yake aliweka sheria moja: lete kilichokufa. Haangalii kadi ya gari wala hasikilizi maelezo. Kilichokufa anakitumbukiza kwenye sufuria ya dizeli, anakisugua, anakilaza juu ya gunia sambamba na kipya, kisha anavipitishia ukucha vyote viwili. Vikilingana, mteja anaondoka na kipya na cha zamani kinabaki. Hukiandika kwa rangi nyeupe jina la kijiji, si jina la mtu, kwa sababu wenye magari hufa au huuza lakini gari halihami kijiji, kisha hukitundika ukutani. Ukuta ule una Suji, Chome, Vudee, Mbaga, Gonja, na mtu anayeujua anaweza kusimama mbele yake akasema kila gari la mlimani lina nini tumboni.

Saa tatu simu iliita. Alikuwa Melkizedeki.

"Mama Agape, shikamoo. Tumekwama kona ya Mkuyuni. Hafu-shafti ya nyuma kushoto imekatika."

Hafu-shafti ni chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka kwenye difu, bonge la gia lililo kwenye ekseli, hadi gurudumuni. Kikikatika, injini inanguruma na gari halitoki.

"Umebeba nini?"

"Magunia kumi na nane."

"Na watu?"

"Watu wachache tu."

"Wangapi, Melkizedeki?"

"Kumi na mmoja. Na katibu yupo."

Kuwepo kwa katibu ndiko kulikomfanya Eliakunda akae chini. Katibu wa wakulima wa tangawizi ni Ruthi, mwanamke asiyepandisha sauti. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, wakulima walikaa wakaamua. Lori la mnunuzi linaondoka Same saa tisa kamili, lina safari ya Dar, halimsubiri mtu. Mara mbili mwezi ule mzigo ulifika lori limekwenda. Ukichelewa mara ya tatu, kazi anapewa mtu wa Hedaru mwenye Canter. Bila tangawizi gari la Melkizedeki lingeegeshwa chini ya mti na kuku wangelala humo. Magari yangebaki sita. Duka halikuwa na uwezo wa kuishi kwa magari sita; hata kwa hayo saba lilikuwa linausogelea mwisho wa mwezi kwa kuchechemea.

"Nikimtuma mtu alete iliyokatika," Melkizedeki alisema, "ni kushuka na kupanda. Mchana umekwisha. Mama, gari hili unalijua kuliko mimi. Kila kilichomo kimepita mikononi mwako."

Ilikuwa kweli. Ekseli ya nyuma ya gari lile Sadock aliifunga mwenyewe, usiku mmoja wa mvua, na aliyeshika taa alikuwa Eliakunda. Alitazama ukutani: Mbaga, Mbaga, Mbaga, zote za meno kumi kwenye ncha ya kuingilia difu. Akachukua mpya ya meno kumi kwenye rafu, akaizungushia gunia, akamwita Habibu, mwendesha bodaboda mwenye ndevu za mvi ambaye ameipanda barabara ile tangu haijachongwa.

"Iliyokufa iko wapi?" Habibu aliuliza.

"Iko kichwani."

"Leo mvua itanyesha," alisema Habibu, akapiga pikipiki teke, akaondoka.

Saa nne kasoro robo ilisimama gari ndogo safi na akashuka Daktari Prosper, daktari wa meno kutoka Moshi. Yeye pia ana mia na tisa. Huiosha Jumamosi na kuitoa Jumapili, na haijapanda chochote kirefu kuliko tuta la barabarani. Kwa miezi mitatu alikuwa akitafuta hafu-shafti ya meno ishirini na manne, aina iliyokuja kwenye magari ya baadaye, na Eliakunda alikuwa ameipata moja, mpya, bado iko ndani ya karatasi yake na grisi. Alimwahidi. Sasa Prosper alikuja na ya zamani imefungwa kwenye shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Umekuja na marehemu?"

"Nimekuja naye."

Aliiosha, akailaza juu ya gunia sambamba na mpya, akahesabu. Zililingana. Kisha akairudia ile ya zamani, polepole zaidi.

"Hii haijafa."

"Ina kutu."

"Kutu iko nje. Meno mazima. Nyie huko Moshi mnang'oa mazima?"

Mzee wa bati alikohoa kuficha kicheko.

"Nataka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani," alisema Prosper.

"Hii ndiyo lililotoka nayo kiwandani."

"Ndiyo, lakini..." Akaigusa karatasi ya ile mpya. "Nataka mpya."

"Na huko ndani ya ekseli nani ataiona?"

"Hakuna. Ila mimi nitajua kwamba ipo."

Hilo Eliakunda alilielewa. Alimfungia mpya kwenye karatasi yake, akamkabidhi.

"Na hii ya zamani nitarudi nayo," alisema Prosper. "Nitaisugua, niiweke sebuleni juu ya kabati."

"Ya zamani inabaki kwangu."

"Hata kwangu mimi?"

"Hata kwa askofu."

Walikuwa bado wanavutana, kwa upole, simu ilipoita tena. Melkizedeki safari hii hakusalimia.

"Haiingii."

"Safisha mdomo wa difu."

"Nimesafisha. Nimeigeuza. Haiingii, mama. Kama si ya hapa."

Eliakunda alitazama tena ukutani. "Chukua kipande cha ndani cha ile iliyokatika. Hesabu meno."

Walihesabu kwa sauti huko kona ya Mkuyuni, Melkizedeki na katibu wake na pengine nusu ya abiria, na kwenye simu hesabu ilisikika kama watoto wa darasa la kwanza. Haikusimama kwenye kumi. Ilisimama kwenye ishirini na manne.

"Hiyo si ekseli ya gari lako," alisema Eliakunda.

"Ni ya gari la Yusto."

"Ya Yusto imefikaje kwako?"

"Kwenye msaragambo."

Baada ya hapo hakuhitaji kuelezwa zaidi, ingawa Melkizedeki alieleza. Mwezi wa tatu kijiji kizima kilitoka kutengeneza barabara, kama kinavyotoka kila mwaka kabla ya masika, mwenye jembe na jembe, mwenye sururu na sururu. Mawe yalihitaji gari. Gari la Yusto lilikuwa na ekseli nene lakini injini imekufa, la Melkizedeki lilikuwa na injini nzima na ekseli nyembamba. Vijana wakazitoa zote mbili, wakafunga ya Yusto kwa Melkizedeki, mawe yakabebwa siku nne. Halafu ikaja palizi, ikaja misiba miwili, na hakuna aliyekumbuka kurudisha. Ekseli ya zamani ya Melkizedeki iliegemea ukuta wa nyumba ya Yusto.

"Na hukuniambia."

"Hakuna aliyeuza, hakuna aliyenunua. Ningekuambia nini? Na wewe hukuuliza."

"Sikuuliza kwa sababu huwa siulizi. Huwa naona."

Alisema hivyo na akajisikia vibaya kwa namna ambayo haikumhusu Melkizedeki. Msaragambo ameukuta, amekulia ndani yake, mtungi wa mama yake ulikuwa ukizunguka nyumba sita kabla ya kurudi. Kwamba magari nayo yangezungushwa hivyo lilikuwa jambo la kujua hata kwa mtu aliyelala.

Ilikuwa saa nne na nusu. Kwenye kiti, watu wote watatu walikuwa wanamtazama Prosper, na Prosper alikuwa anaitazama karatasi iliyo mapajani mwake.

"Kama ni dharura," alianza, taratibu sana, "labda hii mpya..."

"Hiyo ni yako. Niliahidi." Eliakunda aliweka kiganja juu ya ile yenye kutu. "Hii ndiyo yangu."

"Niliipangia sebule."

"Sebuleni itabeba nini?"

Prosper alifikiri. "Maua," alisema, akasikia mwenyewe alivyosema, akaanza kukunja shuka tupu.

Kwenye simu Melkizedeki alikuwa amesikia yote. "Mama Agape, ipo? Mpe bodaboda yeyote aje nayo sasa hivi."

"Habibu ashuke na vile vipande. Vyote viwili."

"Saa inakwenda."

"Hata mimi ninayo saa."

"Meno ishirini na manne umeyasikia mwenyewe."

"Saa tatu nilisikia pia kwamba gari hilo nalijua. Ya kushoto ni ndefu na ya kulia ni fupi, na huyu daktari hajui alitoa ipi. Sikosei mara mbili kwa asubuhi moja. Mwambie Habibu ashuke."

Akakata. Kwa dakika arobaini hakukuwa na kitu cha kufanya ila kungoja. Alikuja mtu kutoka Kwakoa na pampu ya maji ya Land Rover iliyofungwa kwenye kanga. Gari lenyewe halikuwepo tangu zamani, injini yake tu ndiyo iliyobaki, inavuta maji kwenda kwenye shamba la nyanya. Eliakunda aliiosha, akailinganisha, akamhudumia, akamuuliza habari za nyanya, akazisikiliza habari za nyanya hadi mwisho. Mama wa ndoo alisema mtu mwingine angekuwa amekwisha kutuma. Mzee wa bati akasema mtu mwingine alikwisha kutuma, saa tatu, na ndiyo maana tuko hapa.

"Nimekusikia, baba," alisema Eliakunda.

"Nimesema usikie."

Saa tano na dakika kumi Habibu alifika na uso mweupe kwa vumbi. Eliakunda aliweka vipande viwili juu ya gunia, akavigusanisha palipovunjika, akamwomba mgeni ashike upande mmoja visisogee. Kisha akalaza ya daktari kando yake. Mwanzo na mwanzo. Mwisho na mwisho. Akapitisha ukucha kwenye meno, haya, kisha haya.

"Kushoto," alisema. "Daktari, ulitoa ya kushoto."

"Nilibahatisha."

"Nenda," alimwambia Habibu.

Prosper hakuondoka. Alisema anangoja jua lipungue, akanunua chai, akaagiza nyingine, akakaa ukingoni mwa kiti akiwa amekumbatia hafu-shafti yake mpya. Saa saba Melkizedeki alituma ujumbe wa neno moja: imeingia. Saa nane dereva wa lori la mnunuzi alifunga turubai kwenye magunia aliyokwisha kupakia ya vijiji vingine. Saa nane na nusu aliwasha injini ipate moto. Eliakunda alikuwa anapanga bolti kwenye makopo kwa ukubwa, zilikuwa tayari zimepangwa kwa ukubwa, na alizipanga tena.

Gari lilisikika kabla halijaonekana. Liliingia kutoka njia ya Mwembe likiwa limelala upande mmoja kwa uzito, watu wameshikilia bomba za juu, harufu ya tangawizi mbichi ikitangulia. Ruthi alishuka mbele, akaikung'uta sketi, akaenda moja kwa moja kwa dereva wa lori akamwonyesha saa yake ya mkononi. Saa tisa kasoro dakika kumi na mbili. Dereva akazima injini, akafungua turubai, na magunia kumi na nane yakaanza kuhamishwa.

"Mmewahi," Ruthi alimwambia Melkizedeki. "Mtu wa Hedaru nitampigia, nimwambie kazi ina mwenyewe."

"Nashukuru, katibu."

"Usinishukuru. Shukuru aliyetoa chuma."

Wote wakamtazama Prosper, ambaye aliinuka, akapeana mikono na Melkizedeki, akaomba achungulie chini ya gari. Alichungulia kwa muda mrefu. Hakukuwa na cha kuona, kwa sababu kiko ndani. Alipoinuka, suruali yake ilikuwa na grisi gotini na hakujaribu kuifuta. Akaaga, akaondoka kurudi Moshi.

Eliakunda alikuwa amechukua kopo la rangi nyeupe ili aandike vile vipande. Aliloweka brashi, akaishika juu ya chuma, akasita.

"Melkizedeki. Hii niiandike nini? Ni Mbaga au ni ya Yusto?"

"Yusto naye ni wa Mbaga."

"Sawa. Na magari mengine? Siku ile ya mawe walibadilishana wewe na Yusto tu?"

Melkizedeki alijikuna shingo. Alikuwa na miaka arobaini na saba na alionekana kama mtu anayeulizwa na mwalimu. "Siku ile, ndiyo. Ila gia boksi ya Suji iko Chome tangu Pasaka, walikuwa na harusi. Stelingi ya Vudee sijui. Nilisikia ipo Gonja. Na Gonja walitoa difu ya mbele wakampa... mama, hivi vitu vinatembea."

Eliakunda aligeuka akautazama ukuta. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameuandika herufi moja moja na kila herufi ilikuwa kweli siku ilipoandikwa. Kisha alifunga kopo la rangi, akaliweka kwenye kikapu pamoja na brashi, matambara, chupa ya dizeli na futi ya kukunja. Akamwomba mama wa mashine ya kusaga amfungie duka jioni, na kesho, na keshokutwa.

"Unakwenda wapi?" Melkizedeki aliuliza.

"Kuhesabu. Gari moja baada ya jingine. Mbele kuna nani?"

"Katibu na mgeni wako."

Nyuma bati zilikuwa zimekwisha kupanda, na ndoo, na magodoro mawili, na watu ambao hakuna aliyejua walitoka wapi. Hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Eliakunda alimwendea mgeni, ambaye tayari alikuwa amesimama na mkoba begani.

"Nisamehe," alisema. "Wewe una safari ya kutembea, inaweza kungoja kesho. Yangu haiwezi. Chumba kipo, hapo kwa jirani, kisafi, wali ni wa mchele wa Ndungu. Melkizedeki atakuchukua kesho saa hizihizi."

"Kama halijakatika," alisema mama wa ndoo kutoka juu.

"Kama halijakatika," Eliakunda alikubali.

Mgeni akaweka mkoba chini. Eliakunda alipanda mbele na kikapu chake, Ruthi akasogea katikati akimkunjia magoti, na mlango ukafungwa kwa kamba. Walipofika njia panda alimwambia Melkizedeki asimame kwanza Mwembe, kwa gari la pale, maana ndilo la karibu na hakuwa tena na uhakika wa hata moja. Kutoka kwenye kiti mbele ya duka gari lilionekana likikata kona na watu wakiinama upande mmoja, kisha likasikika likibadilisha gia kwenye mwinuko wa kwanza.